Jina Ambalo Mama Hakulisoma

Wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu hapa Same alipasua betri mbovu ya redio kwa jiwe kwenye ngazi ya nyumba yangu, na harufu ya ule unga mweusi ikanifikia nilipokuwa nimeketi barazani. Nilimfukuza. Alipokwisha kutoka getini ndipo nikajiuliza kwa nini nimemfokea mtoto wa watu kiasi kile kwa sababu ya betri. Ninyi mliosoma miaka yetu mnajua jibu. Ubao wetu ulinuka hivyo. Rangi ya ubao haikupatikana popote, kwa hiyo kila Ijumaa tuliagizwa kuleta betri zilizokufa na majani ya viazi vitamu. Tulitwanga majani, tukachanganya na ule unga, tukausugua ubao mpaka ukawa mweusi wenye ukijani, na vidole vyetu vikabaki na rangi hiyo mpaka Jumapili kanisani. Chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Mwenye njaa aliila chaki.

Nina stashahada ya ualimu. Nalisema mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Sikuipata kwa barua ya mjomba wala kwa kujuana na mtu. Niliondoka kijijini kwetu, juu milimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Hedaru, nikiwa na shati la mtumba na cheti cha darasa la saba. Nilijisomesha mwenyewe, hatua kwa hatua, nikifundisha mchana na kusoma jioni, Tabora, kisha Sumbawanga, kisha miaka sita ng'ambo ya mpaka, Zambia. Nimerudi. Nimejenga nyumba yenye vyumba vitano na tangi la maji katika mji huu mkavu, na wanaokuja kuchota maji wanaijua njia. Sioni aibu kusema hivyo. Wenzangu waliokaa hapa wakisubiri kupangiwa maisha bado wanasubiri.

Sasa, mwezi uliopita tuliitwa kwenye semina ya walimu. Kijana mmoja mwenye suruali ya kubana alisimama mbele yetu na kompyuta yake, akatupa picha ukutani, akatueleza nadharia za ujifunzaji kana kwamba amezizaa yeye. Mwanafunzi aongozwe kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Jibu sahihi lituzwe papo hapo. Kosa lirekebishwe papo hapo. Nikainua mkono nikamuuliza: kinachojulikana na nani? Akacheka, akadhani mzee anachokoza, akaenda kwenye picha inayofuata. Walimu wenzangu nao wakacheka. Hawakujua kwamba kanuni zile tatu nilizisikia nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwa mtu ambaye mpaka leo sijamsamehe.

Tulimwita Mwalimu Eliamani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, mwenyeji wa huko huko milimani, mzaliwa wa kijiji cha pili kutoka chetu. Hilo lishikeni, kwa sababu baadaye alijifanya mgeni. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na kaunda suti moja ya kijivu ambayo mkewe aliifua kwa majani ya mpapai kama sisi sote, maana sabuni haikuwepo, lakini yeye aliivaa kama mtu mwenye sabuni. Ufundishaji wake ulikuwa mwepesi kuelezeka. Ukijibu sawa, darasa zima linakupigia makofi matatu. Ukikosea, fimbo ya mpera, mbili mkononi. Ukinyamaza, nne, kwa sababu kwake yeye kunyamaza kulikuwa kukosa kukijumlishwa na kiburi. Tulijifunza upesi sana. Tulijifunza kusema kitu chochote ili mradi mdomo uwe wazi.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, muhula baada ya muhula. Makofi matatu yale niliyazoea kama wengine walivyozoea uji. Ndiyo maana Mwalimu Eliamani aliponichagua mimi na wenzangu wanne tukafundishe kisomo cha watu wazima, sikushangaa. Walimu wa kisomo walikuwa wameacha, hawakuwa wakipewa chochote, na wilaya ilitaka madarasa yaendelee. Alitukalisha Jumamosi moja asubuhi, akatuandikia ubaoni zile kanuni tatu, akatuambia tuzinakili. Anza na kinachojulikana. Sifu papo hapo. Adhibu papo hapo. Mmoja wetu akauliza tutawaadhibuje mama zetu. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema, "Watu wazima hawapigwi. Wasimamisheni waelekee ukutani. Aibu inafundisha kuliko fimbo." Huo ndio ulikuwa mwisho wa mafunzo yangu ya kwanza ya ualimu. Yalichukua muda wa kupikia chungu cha makande, pengine pungufu.

Darasa langu lilikuwa kwenye ghala la kahawa lililoachwa, Jumanne na Alhamisi alasiri. Ndani bado kulinuka magunia na maganda makavu. Wanawake tisa walikuja, wengine na watoto mgongoni, wengine na mizigo ya kuni waliyoiegemeza mlangoni. Katika tisa hao alikuwemo mama yangu na alikuwemo shangazi yangu Namkunda, dada yake baba, ambaye alikuwa ameachana na mumewe kitambo na kurudi kwao, na tangu arudi hakuwahi kuufunga mdomo. Baba mwenyewe alikuwa chini tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, anakuja mara mbili kwa mwaka na barua katikati.

Mama alifurahi kupita wote. Aliniita "Mwalimu" tangu siku ya kwanza, tena kwa sauti ya wazi, na sasa najua furaha ile ilitoka wapi. Nyumbani hakuwa na jina la kuniita. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, nikapewa jina la babu mzaa baba, Senkondo, na kwetu mke halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai, awe amekufa. Kwa hiyo mama aliniita "Baba". Akikasirika alisema "wewe uliye hapo". Kumpatia mwanawe jina la tatu, jina safi lisilo na mkwe ndani yake, kulimfanya alirudie kutwa nzima. "Mwalimu, umekula? Mwalimu, kuni zimekwisha."

Siku ile ya kwanza nikatimiza kanuni ya kwanza. Ni nini mwanamke anakijua kuliko vyote? Mtoto wake. Nikaandika ubaoni, kwa muhogo, majina ya watoto wa kwanza wa kiume wa wanafunzi wangu wote tisa, kwa herufi kubwa nzuri, nikamwonyesha kila mmoja kwa kidole lilipo la mwanawe, nikamwita alisome. Nilijivunia wazo lile. Mke wa mwinjilisti, ambaye mwanawe alipewa jina la Danieli moja kwa moja kutoka kwenye Biblia, akasoma. Shangazi akasoma la mwanawe, akaongeza, "Hilo na la baba mtu na la babu mtu, nikitaka nitayataja yote. Wale nilishawaacha, wataninunia wakiwa huko huko." Wanawake wakacheka wakijifunika midomo. Wengine saba wakanyamaza.

Mtaniuliza, mtoto wa miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa pale pale, ulikuwa hujui? Nilijua. Nilijua kama nilivyojua kwamba moto unaunguza. Lakini nilidhani mwiko ule ni wa uani, wa kumwita mtu aje ale au afukuze mbuzi. Darasani nilidhani hakuna mkwe, kuna herufi. Miaka sita ya shule ilikuwa imenifundisha kwamba ukipita mlango wa darasa unaacha nje kila kitu cha kwenu, pamoja na lugha ya kwenu na akili ya kwenu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna watu hawawezi kuviacha. Na kunyamaza nilikuwa nimefundishwa maana yake. Ni kukosa, pamoja na kiburi.

Nikawasimamisha wote saba waelekee ukutani. Mama yangu alikuwa wa pili kutoka mwisho, mdogo wangu mgongoni amelala na kichwa kimeangukia pembeni. Nilidhani aibu inafundisha.

Hawakurudi watatu. Waliobaki nikawahamishia kwenye maneno mengine, maji, moto, jembe, kahawa, na hapo wakaenda mbio. Mama alikimbia kuliko wote. Kabla ya masika kuisha alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo za kanisani akifuata kwa kidole, akisimama mahali ambapo waimbaji wamezoea kupavuta, akisema, "Kumbe hapa tunaimba makosa." Alisoma barua za baba bila kunipa mimi kwanza. Nilikuwa na daftari la kumbukumbu, nimelishona mwenyewe kwa karatasi za mfuko wa saruji, kila mwanafunzi na mstari wake, vema kwa anachokijua, kosa kwa asichokijua. Mstari wa mama ulijaa vema. Ila kila mwisho wa wiki nilirudi kwenye jina langu, nikimwonyesha kwenye kadi, na kila mwisho wa wiki alinyamaza, nami nikaweka kosa.

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu, maana ni la kitoto na ndilo la kweli. Nilidhani mama halipendi jina langu. Wanafunzi wote wa shule walilisoma kwenye orodha ya washindi, la kwanza juu. Mama peke yake, mwenye kusoma nyimbo na barua, alilikataa. Siku moja nikachukua mkaa nikaandika maneno manne kwenye ukuta wa jikoni ili ayaone kila anapokoroga chungu. Maji. Moto. Unga. Senkondo. Kesho yake nikakuta neno la nne limepakwa udongo mwekundu, pale tu, taratibu, kama mtu anayeziba tundu la panya. Yale matatu hakuyagusa. Nikaliandika tena. Likapakwa tena. Nililia nyuma ya zizi la mbuzi, mimi mwalimu mzima, nikaweka kosa jingine.

Angalieni hapo. Ushahidi ulikuwa ukutani. Mtu asiyejua kusoma angejuaje lipi la kupaka? Miaka mingi baadaye nilipokuwa chuoni, mkufunzi akieleza jinsi ya kupima alichojifunza mwanafunzi, nilikumbuka udongo ule mbichi nikaacha kunakili. Tangu hapo nimefundisha watoto wa shule ya msingi, nimefundisha mafundi seremala, nimefundisha wafungwa, na kila nilipokwenda nimeanza na swali moja kabla ya somo lolote: hapa watu hunyamaza wakati gani? Fundi mdogo hajibu mbele ya fundi wake hata akijua kuliko yeye. Mfungwa hajibu swali ambalo mwenzake mkubwa wa seli hajalijibu. Wakaguzi wamenisifu kwa matokeo yangu, barua ninazo. Hakuna aliyenifundisha hilo chuoni. Ada yake niliilipa mahali pengine.

Mwaka uliofuata mambo yakafunguka. Maduka ya Hedaru, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na pakiti za majani ya chai zilizopauka, yakajaa sabuni, khanga, sukari, nguo za mitumba zilizofungwa kwenye marobota. Unga wa njano wa msaada tukausahau. Na usharika wetu ukapata marafiki wa mbali walioleta mashine ya kusaga, iwe ya akina mama wa kijiji. Lazima mjue maana ya jambo hilo. Mpaka siku ile kusaga kulikuwa kubeba mahindi kichwani hadi Hedaru, kushuka alfajiri na kupanda jioni na unga, mgongo ukiuma na magoti yakitetemeka. Sasa mashine ingekaa pale pale, kwenye ghala la kahawa lililokuwa darasa langu.

Mashine ilihitaji katibu. Katibu angeshika ufunguo, angeandika zamu, angejua nani kaleta debe na nani hajachukua. Wanawake walimtaka mama yangu. Walisema hana upendeleo na hasahau. Lakini kulikuwa na mwingine aliyeitaka kazi ile, Mama Frida, mke wa Mwalimu Eliamani. Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba. Mwalimu alikuwa kwenye kamati, na kamati ikaamua kwamba katibu asiyepita shule lazima awe amefaulu mtihani wa kisomo, mbele ya mtahini kutoka wilayani. Ilionekana haki. Maamuzi ya Mwalimu Eliamani yote yalionekana haki.

Usiku haukumlaza mama vizuri siku hizo. Alisoma akikoroga, alisoma akinyonyesha. Akaniambia mara moja tu, akichambua maharage, bila kuniangalia, "Mwalimu, ile kazi naitaka. Sijawahi kutaka kitu kwenye kijiji hiki. Hiki nakitaka." Nikamwambia atafaulu, mimi ndiye niliyemfundisha. Na niliamini. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi, nikakipeleka kwa Mwalimu Eliamani kama mwalimu mdogo anavyopeleka kwa mkubwa. Nikamweleza kwamba mama anasoma kila kitu isipokuwa neno moja, jina langu, na sijui kwa nini. Alikuwa anasahihisha. Aliweka kalamu chini, akatabasamu. "Ni ukaidi," akasema. "Wewe endelea kuandika kosa. Mwalimu mzuri anaandika anachokiona."

Mtu yule alizaliwa milimani. Mama yake mwenyewe hakutaja jina la baba mkwe wake mpaka anazikwa. Alijua.

Mtahini alifika kwa gari la wilaya, mwenyeji wa upande wa ziwa, mnene, mpole, amechoshwa na barabara. Alikaa kwenye meza pale ghalani, wanawake kwenye mabenchi ya kanisa, kamati nyuma, nami pembeni na daftari langu la saruji. Mwanamke baada ya mwanamke alisoma ukurasa aliopewa. Mama alisoma wake kama maji, na mtahini akainua nyusi. Akamuuliza kajifunza kwa nani. Mama akaninyooshea mkono, "Kwa Mwalimu yule." Makofi. Nilivimba kifua. Mtahini alikuwa ameshachukua kalamu aandike kwamba kafaulu, ndipo Mwalimu Eliamani aliposimama akakohoa kwa adabu.

Alieleza kwamba huyu mama anataka ukatibu wa mashine. Katibu kutwa kucha anasoma majina ya watu. Ingefaa apewe majina asome. Mtahini akasema ni kweli. Mwalimu akaenda ubaoni na muhogo, akaandika majina manne ya wanakijiji. Mawili ya mwanzo yalikuwa ya watu wa bondeni. La tatu lilikuwa la mwinjilisti. La nne aliliandika polepole, kwa herufi zake nzuri, Senkondo, akajifuta vumbi la muhogo mkononi akakaa.

Mama alisoma la kwanza. Akasoma la pili na la tatu. Kisha akasimama kimya, mikono imeshika ncha za khanga.

"Na hilo?" mtahini akauliza.

"Nimeliona, bwana."

"Lisome basi."

"Nimeliona. Mwenyewe akija na mahindi nitamjua."

Watu wakacheka kidogo. Mtahini naye akatabasamu, akamwambia asiogope, alisome tu. Mama akatazama chini. Shangazi Namkunda akavumilia mpaka akashindwa, akasema kutoka benchi la nyuma, "Mzee, hilo ni la mkwewe. Hawezi kulitaja huyo, atalitajaje? Nipe mimi, ni la baba yangu, nikutajie hata mara kumi."

"Hakuna kusaidiana kwenye mtihani," Mwalimu Eliamani akasema.

Mtahini akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli kuna mwiko wa namna hiyo. Yule mtu akacheka kidogo, kicheko cha msomi kwa msomi, akajibu kwamba zamani wazee walikuwa na mambo hayo, siku hizi watu wanayatumia kama kisingizio wakikwama. Akaongeza, "Lakini usinisikilize mimi. Mwalimu wake yupo hapa. Muulize yeye kama analijua neno hilo."

Ghala zima likanigeukia. Mtahini akaniita nikaenda mezani. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto njia, "Mwanafunzi wako analijua neno hili?"

Nilifungua daftari. Mstari wa mama ulikuwa mrefu kuliko wote. Nilipitisha kidole mpaka kwenye jina langu, na hapo palikuwa na kosa, kosa, kosa, kosa, mpaka mwisho wa karatasi. Sikumtazama mama. Mwalimu mzuri anaandika anachokiona. Nikasema, "Hapana, mzee. Hajui. Hajawahi kulisoma hata siku moja."

Mtahini akalitazama daftari, akalisifu kwa unadhifu wake, akaandika.

Kazi ikaenda kwa Mama Frida. Tulipokuwa tunatoka, shangazi alinishika sikio mlangoni, mbele ya watu, akalizungusha. "Mwalimu gani wewe," akasema, "usiyejua mwanafunzi wako ameolewa kwa nani?" Mama akamwambia amwache mtoto. Njia nzima ya kupanda nyumbani mimi ndiye niliyenuna. Nilimwambia mama kwamba ameniaibisha mbele ya mtahini, kwamba ni neno moja tu, kwamba angelitamka mara moja angepata kila kitu. Alipanda mpaka kwenye kona ya mwisho, akatua, akamhamisha mtoto kutoka mgongoni akampakata.

"Baba," akasema, maana "Mwalimu" alikuwa amekwisha kuliacha kule chini, "nilipokuja kwenu nilikuwa msichana mdogo, sina mtu. Babu yako ndiye aliyesema nisipelekwe shambani siku za jua mpaka nizoee. Nimheshimu kwa kutumia nini? Kitu gani nilichonacho cha kumpa? Sina ng'ombe. Nina mdomo wangu tu, nimeufunga kwa ajili yake."

Nilimjibu kwamba babu amekufa. Akasema anajua.

Jumatatu iliyofuata, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Eliamani aliniita mbele ya shule nzima. Akasema ukweli ni kitu kigumu, hasa ukimhusu mzazi, na kwamba mtoto aliyesimama hapa ameuweka mbele kuliko damu yake, na huyo ndiye atakayekuwa mwalimu. Akanipa daftari jipya la dukani, la kurasa mia moja, lenye jalada gumu, na kalamu ya wino, vitu ambavyo hakuna mtoto wa shule ile aliyewahi kuvimiliki. Makofi matatu. Kisha akasema yaongezwe, yakapigwa tena matatu.

Nyumba yangu ilipokwisha, mwaka jana, mzee huyo huyo alikuja kwenye sherehe bila kualikwa, na fimbo ya kutembelea, akasimama kati ya wageni akasema kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kufundisha. Watu wakampigia makofi. Sikumtolea kiti. Shikamoo yangu aliipata, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri, na hicho ndicho atakachokipata kwangu mpaka mmoja wetu azikwe. Watu wanasema nina kinyongo. Ninacho. Nimekisomea.

Lakini asubuhi ile ya Jumatatu sikuwa na kinyongo na mtu. Nilikimbia nyumbani saa ya mapumziko nikiwa nimelikumbatia daftari kifuani ili lisipate jasho. Nilimkuta mama uani anafunga mahindi kwenye gunia. Mashine ilikuwa inanguruma huko chini kwenye ghala, tuliisikia wote wawili, na alikuwa anajiandaa kushuka Hedaru kusaga, kama alivyoshuka Hedaru kusaga miaka yote iliyofuata, na hakuwahi kuukanyaga mlango ule mpaka magoti yalipomkataa. Nikamwonyesha daftari. Nikamweleza maneno yote aliyoyasema Mwalimu, neno kwa neno, nilikuwa na kumbukumbu nzuri sana.

Mama alijifuta mikono kwenye khanga kabla ya kulishika. Akalifungua, akapitisha kiganja kwenye ukurasa mweupe, akanirudishia.

"Hongera," akasema. "Umefundishwa vizuri."

Kisha akapiga goti, akaingiza kichwa chini ya gunia, akainuka nalo, akashika njia. Nilifurahia sifa ile wiki nzima.